Imali, Mdogo Wako Hatacheza

Imali,

Nimekaa kimya sana, najua. Kila nilipotaka kukuandikia nilikuwa na habari nusu, na wewe hukupendanga habari nusu. "Linet, sema yote ama nyamaza," uliniambianga, hata kama ni umbea wa saluni. Leo ninayo yote. Niko dukani, nyuma ya magunia ya mbolea. Mvua ya mchana imeanza kupiga mabati na wakulima wamejibanza hapo barazani, hakuna atakayeuliza bei ya mbegu mpaka ikatike. Kwa hivyo nisikilize.

Kwanza, wewe hujui ulivyoanguka. Nimewaza sana kama nikuambie. Ulikuwa umeruka chini ya kikapu kile cha upande wa barabara, ukanyakua mpira uliogonga ubao, ukanirushia pasi. Pasi nzuri, Imali, ilinifika kifuani bila mimi kunyoosha mkono. Nikakimbia nayo, nikafunga, nikageuka nikuonyeshe kidole. Ulikuwa chini. Mideva wa timu yetu alicheka, akadhani ni zile sarakasi zako za kutaka tupumzike. Alicheka mpaka akafika karibu yako. Tangu siku hiyo sijamsikia akicheka kwa sauti.

Kocha Shivachi alipiga magoti kwenye saruji akakubonyeza kifua. Alibonyeza, akabonyeza, magoti yake yakachunika na hakujua. Tulipokufikisha hospitalini ulikuwa umeshaenda. Mimi nilibaki nimeshika kiatu chako kimoja, sijui nani alikivua.

Tulikuzika kwenu Malinya. Ngoma ya isukuti ilipigwa kuanzia asubuhi, wazee walicheza, na sisi timu tulikubeba tukiwa tumevaa jezi. Ungependa, nadhani. Lakini kwenye maturubai watu walinong'ona. Walisema umerogwa kwa sababu ya nusu fainali, eti wale wa timu ya Busia walijua bila wewe sisi ni kitu bure. Mama yako alisikia. Alikaa tu pale karibu na jeneza, shuka begani.

Waandaaji walisogeza ile nusu fainali mbele ili tuomboleze. Kocha akatuita mazoezini. Imali, ningekueleza vipi? Uwanja ni ule ule, saruji yenye nyufa, dimbwi lile kwenye kona ambalo haliishangi. Tukaanza kurusha mpira. Baada ya muda niliona kitu: hakuna mtu aliyekuwa anaingia chini ya kikapu kile. Tulikuwa tunarusha kutoka mbali, wote. Mpira ukikosa, unadunda pale peke yake, unadunda, unadunda, mpaka ubingirike wenyewe utufuate. Ndipo mtu auokote. Wachezaji wazima, tumesimama kama watu wanaoogopa nyoka kwenye nyasi.

Tukawa tunakimbia na vidole shingoni. Mideva ndiye aliyeanza, akimaliza mbio anajishika hapa chini ya taya akisikiliza. Kabla wiki haijaisha sote tulifanya hivyo. Mtu akiinama kidogo tu kushika magoti, Kocha anapuliza kipenga: "Basi! Kaeni chini! Maji!" Yeye aliyekuwa anatukimbiza mpaka tumtukane kimoyomoyo! Akinyi aliacha kuja, mamake alimfichia viatu. Mimi nilikuwa nikiegemea kaunta hapa dukani nausikia moyo wangu ukigonga mbao. Mteja ananiuliza dawa ya viwavi, mimi nasikiliza moyo. Nilianza kuogopa ngazi. Niliogopa hata kupiga chafya.

Kuna jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Baada ya mazishi, Baba Mdogo wako, Shikanda, aliniomba nimsindikize hospitalini kuchukua majibu ya uchunguzi, kwa sababu Mama hakuweza. Daktari, mama mmoja mpole, alituketisha akatuchorea moyo kwenye karatasi. Alisema misuli ya moyo wako ilikuwa minene kupita kiasi. Ulizaliwa hivyo. Hakuna aliyekufanyia, hukukosea lolote, na mtu anaweza kuishi nayo miaka bila dalili, halafu siku moja anakimbia na moyo unapoteza mpigo. Kisha akauliza, "Ana ndugu?"

Baba Mdogo akasema, "Yuko mdogo wake, msichana. Baba yao alishafariki."

"Huyo msichana apimwe. Ugonjwa huu unatembea kwenye familia. Na asikimbie mpaka apimwe."

Baba Mdogo aliniahidi kwamba angemweleza Mama jioni ile ile. Nilimwamini. Nikafikiri mdogo wako Sharon yuko mikononi mwa watu wazima, mambo yanashughulikiwa.

Halafu Sharon akaja uwanjani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kabla ya mvua. Alikuja amevaa viatu vyako. Sijui kama umewahi kumwona mdogo wako akitembea kwa mbali. Mabega yale yale, Imali, na ile tabia ya kupangusa mikono kwenye kaptura. Mideva alishika mdomo. Sharon hakusalimia mtu. Alisimama akatutazama tukirusha mipira yetu ya mbali, akaona mpira umekosa, unadunda pale chini ya kikapu, hakuna anayeusogelea. Akaingia. Akakanyaga pale pale. Akaruka akaudaka kwa mikono yote miwili, viwiko nje kama vyako, akageuka akasema, "Nani anataka pasi?"

Wenzangu walipiga yowe. Walimkimbilia. Yule Nekesa ambaye hazungumzangi alimkumbatia kiunoni akalia. Kocha aliondoa kofia akaishika kifuani, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu ulipoondoka, alikuwa anapanga. Tayari alikuwa anapanga nani acheze wapi. Na kusema ukweli Sharon alikuwa mzuri. Alituchezea dakika chache tu na timu nzima ikaamka, watu wakaanza kuingia ndani, kugombania mpira, kupigana mabega. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyejishika shingo.

Isipokuwa mimi. Nilimsogelea nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Sharon, majibu yako yalikuwa sawa?"

"Majibu ya nini?"

"Si ulipimwa moyo?"

"Nipimwe moyo kwa nini?"

Nikajua hakuna aliyemwambia. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka, mshipa wa shingo unaruka, na mimi nautazama ule mshipa kama mtu anayetazama moto ukikaribia nyasi za nyumba. Nikauchukua mpira mikononi mwake. Nikaukumbatia. Nikasema mazoezi yamekwisha.

"Yamekwisha kwa amri ya nani?" Mideva akauliza.

Nikasema Sharon hachezi mpaka apimwe. Nikaeleza alichosema daktari, pale pale, mbele ya wote, kwa sababu sikujua njia nyingine. Ungenisaidia hapo, wewe ulijua kuongea na watu. Mimi maneno yalitoka yakigongana. Mideva aliniambia, "Linet, tumepata mtu wa kutuokoa, na wewe unatuletea mambo ya hospitali. Unataka tufungwe?" Na Sharon, macho makavu, alinisogelea akaniambia polepole, "Wewe si dada yangu. Dada yangu amekufa."

Nilikaa juu ya mpira nikakataa kuondoka. Mwisho Kocha akaja, akamshika Sharon bega, akamwambia, "Mwanangu, kaa benchi. Nimebonyeza kifua cha mmoja. Siwezi kubonyeza cha pili." Sharon akavua viatu vyako akaenda nyumbani pekupeku.

Jumapili nilienda Malinya baada ya ibada. Mama alinipokea vizuri kama kawaida, akachinja kuku, akasonga ugali. Unajua kwenu mgeni hawezi kutoka bila ingokho, kuku wa mgeni. Tulikaa na ile sahani katikati na hakuna aliyemega. Sharon alikuwa nje anafua, na anafua kwa hasira, nasikia nguo zikipigwa kwenye jiwe.

Nikasema, "Mama, Baba Mdogo alikueleza maneno ya daktari?"

"Alinieleza."

"Na Sharon?"

"Nilimwambia Shikanda afunge mdomo. Mwanangu, mimi nimezika. Nikimpeleka huyu, na wao waniambie anayo, nitakuwa nakaa humu ndani nikingoja. Nikisikia sufuria imeanguka jikoni, nitajua ni yeye. Sasa hivi angalau nalala."

"Unalala, Mama?"

Alikusanya makombo ambayo hayakuwepo mezani. Kisha akaniambia jambo ambalo sidhani uliwahi kuambiwa, Imali. Baba yenu hakufa kwa jua. Ninyi mliambiwa ni jua kali lilimpiga akiosha mchanga wa dhahabu pale mtoni. Mama alisema siku ile kulikuwa na mawingu. Alikuwa amebeba karai kutoka kwenye shimo, akapanda ule mteremko mbio kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, akafika juu, akacheka na wenzake, akaanguka.

"Walisema ni jua, nikakubali ni jua," Mama alisema. "Nilikuwa na watoto wadogo, ningekubali nini kingine? Sasa nikikubali maneno ya huyo daktari, basi Imali aliibeba hiyo kitu tangu tumboni. Na mimi nilikuwa nasimama kando ya uwanja nampigia vigelegele akimbie. Kimbia, Imali! Kimbia! Mimi mwenyewe."

Nikasema tu, "Mama, wewe hukujua. Sasa unajua. Na Sharon bado yuko, msikie anavyofua."

Tulisikiliza. Nguo ilipigwa jiweni, ikapigwa tena. Halafu kukawa kimya, na nakuapia, Imali, sisi wawili tulisimama kwa pamoja, kiti changu kikaanguka. Tulifika mlangoni tukikanyagana. Sharon alikuwa ananing'iniza shati kwenye kamba. Akatuangalia kama wendawazimu. Mama akashika fremu ya mlango, akaniuliza bila kunitazama, "Utaenda na sisi?"

Tulienda Kisumu, Mama, Sharon na mimi. Kocha alituombea nafasi kwa mtu anayemfahamu. Sharon hakuniongelesha njia nzima. Alikaa kwenye benchi la hospitali akipigapiga goti, na kila akipiga goti mimi nafikiri, tulia, usiuchokoze. Walipomwita aliingia na Mama, halafu kichwa chake kikachungulia mlangoni. "Na wewe uje," akasema, kwa hasira, kama mtu anayeitisha deni.

Walimpaka kifuani dawa fulani baridi kama uji uliolala, wakampitishia kifaa, na pale kwenye kioo tukauona. Moyo wake, unacheza, unafunguka na kujifunga. Mama alitazama upande. Mimi nilimtazama daktari. Alikuwa akiongea na Sharon mambo ya shule, na katikati ya sentensi akaacha kuongea. Akarudia pale alipokuwa amepita. Akarudia tena. Nikajua.

Anayo. Si kubwa kama yako ilivyokuwa, daktari alisema imegunduliwa mapema, na atapewa dawa za kila siku, na atapimwa mara kwa mara. Atasoma, atafanya kazi, anaweza kuolewa akitaka, atazaa akiwa chini ya uangalizi. Lakini mashindano hapana. Mbio hapana. Mpira wa kikapu hapana, si mwaka huu wala mwaka mwingine.

Mama aliuliza swali moja tu: "Anaweza kuchota maji?"

"Polepole, mama. Ndoo ndogo."

Sharon hakulia mle ndani. Alilia nje, kwenye maegesho, amechuchumaa kati ya magari. "Si mngeniacha tu nisijue," alisema. "Si mngeniacha nicheze hata hiyo mechi moja." Mama akachuchumaa naye, nguo yake ya Jumapili chini kwenye vumbi, akamshika uso kwa mikono miwili akamwambia kwa Kiluhya maneno ambayo sitayaandika kwa sababu yalikuwa ya kwake. Mimi niliwasimamia nikiwakinga jua.

Baadaye Kocha alihakikisha timu nzima imepimwa, mmoja baada ya mwingine, tena Akinyi akarudi kwa ajili hiyo, mamake mwenyewe alimleta. Moyo wangu hauna tatizo. Nimeambiwa hivyo na nimeoneshwa, Sharon akiwa kando yangu. Na bado naushika. Nilidhani nikiambiwa ni mzima woga utaondoka siku hiyo hiyo, niutemee mate nyuma yangu. Haujaondoka.

Ile nusu fainali tulicheza bila senta, ile nafasi yako chini ya kikapu. Mideva, na ufupi wake wote, ndiye aliyesema, "Nitasimama pale mimi." Hakuniangalia alipokuwa anasema, lakini alipita karibu yangu akanigusa mgongo, na kwa Mideva huo ni msamaha mrefu. Uwanja ulijaa, hata watu wa sokoni walikuja. Mama alikuja na Sharon. Sharon alikaa benchi na sisi, lakini Mama aligeuza kiti chake, akakaa ameupa uwanja mgongo, akitazama barabara. Alitaka kuwa hapo na hakuweza kuona. Kila watu wakipiga kelele nilimwona akikaza mabega, kisha anageuza kichwa kidogo sana, mpaka ukingo wa jicho umwonyeshe kwamba Sharon amekaa.

Tulianza vibaya. Wale wa Busia walikuwa wakubwa na wepesi, na walisimama kwa heshima yako kabla ya mechi, kisha wakatupiga bila huruma, jambo ambalo ungelipenda. Katika robo ya tatu nilipokea mpira, nikaanza kupanda nao, na ghafla moyo ukaruka. Ulikuwa ni moyo wa kawaida wa mtu anayekimbia. Lakini mimi nilisimama. Katikati ya uwanja, na mpira mkononi, nimesimama, sikuona mwenzangu wala adui, nasubiri tu kuanguka. Refa alikuwa amekwisha inua kipenga mdomoni.

"Linet!" Ilikuwa sauti yako. Ilikuwa ya Sharon. Alikuwa amesimama benchi, mikono mdomoni. "Linet, wewe ni mzima! Nilikuwepo ukipimwa! Leta mpira mbele!"

Nikauleta mbele. Nikampa Nekesa, Nekesa akampa Mideva, na Mideva akaingia chini ya kikapu katikati ya wale majitu akafunga huku akianguka. Akainuka. Imali, watu walipiga kelele aliposimama kuliko alipofunga. Hatukushinda. Tuliwakaribia, tukawatia jasho, na dakika zilipoisha walikuwa mbele kidogo. Tulilia wote pale katikati, Kocha pia, lakini mechi ikiisha unalia kwa sababu umefungwa, na sisi tulikuwa tumesahau kilio cha namna hiyo. Kilikuwa kizuri.

Ningependa niishie hapo. Lakini ulitaka yote.

Sharon anakuja mazoezini, anapanga vijana wa shule, anamkosoa Kocha mpaka Kocha anachoka. Anameza dawa zake mbele ya Mama kila asubuhi. Lakini juzi nilienda Malinya bila kuwaarifu, na nikamkuta nyuma ya nyumba, karibu na migomba, anadunda mpira. Mwanzoni polepole. Kisha haraka. Kisha akaanza kukimbia nao, huku na huku, anamkwepa mtu ambaye hayupo. Nilijua anamkwepa nani. Alikuwa na furaha usoni, Imali, furaha ambayo sijaiona siku nyingi, na mimi ndiye niliyelazimika kupaza sauti. Alisimama. Alinitazama kwa chuki safi kabisa. Kisha akaurusha mpira kwenye migomba, akaketi chini, nikaketi naye. Tulikaa hapo mpaka matone yakaanza. Tulipoinuka alisema, "Usimwambie Mama." Nikamwambia nitamwambia. Na nilimwambia.

Sasa kila simu ikilia na ni namba ya Malinya, tayari nimemwona Sharon ameanguka kabla sijaipokea. Ni Sharon anauliza kama duka lina chanjo ya kuku. Ni Mama ananisalimia. Kila mara ni kitu kidogo hivyo, na kila mara nakaa chini kabla ya kusema haloo.

Mvua inapungua. Wakulima wameanza kukunja magunia waliyojifunika, nitaitwa.

Lala, rafiki yangu. Nilikupenda na nakupenda. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna kitakachompata mdogo wako, hata daktari hakuahidi hivyo. Ninachoahidi ni hiki: nitakuwa yule wa kumwambia hapana. Atanichukia, atanifungia mlango, atasema tena mimi si dada yake, na wiki inayofuata nitakuja kumwambia hapana tena. Nataka anichukie mpaka awe na mvi. Nataka siku moja awe bibi mnene, amekaa mlangoni, anawasimulia wajukuu wake kuhusu mwanamke fulani msumbufu wa duka la mbolea ambaye hakumwachanga apumue.

Linet